Blakiberi za Mama Mkwe Zina Nyuzi

Mshauri wangu, salamu nitakupa nikitulia, kwa sasa nisamehe. Nakuandikia nikiwa nimekalia kiti changu mwenyewe cha wateja, mlangoni nimegeuza kibao kinachosema tumefunga, na ni saa nne asubuhi, saa ambayo sijawahi kufunga hata siku niliyong'olewa jino, kwa hiyo ujue tu kwamba maji yamenifika shingoni na nahitaji mtu mwenye akili zake aniambie la kufanya kabla ya Jumamosi.

Mimi ni kinyozi, huu ni mwaka wa kumi na tisa, na mtaani wananiita Mkasi. Mke wangu anafanya kazi duka la miwani. Hatuna ugomvi, sina mwanamke wa pembeni, sinywi, nakutajia haya mapema kwa sababu najua barua nyingi unazopata zinaanzia hapo. Yangu inaanzia kwenye kichaka.

Miaka mitatu iliyopita baba mkwe alifariki, nyumba yao ikawa kubwa mno kwa mtu mmoja, mke wangu akaniuliza kama mama yake anaweza kuja kukaa nasi, nikasema aje hata leo, na nilisema kwa moyo mweupe maana mama mkwe wangu ni mtu mpole, hajawahi kuniinulia sauti hata siku nilipochelewa harusi yangu mwenyewe kwa sababu nilikuwa namalizia kichwa cha mteja. Akaja na vitu viwili: sanduku la kahawia lenye mkanda, na mche wa blakiberi uliofungwa kwenye taulo bichi, ameupakata safari nzima kama mtoto mchanga. Kama huzijui blakiberi, ni yale matunda madogo meusi yenye vifundo vifundo, yanayozaliwa kwenye kichaka cha fito ndefu zenye miiba, miiba yenyewe ikikushika suruali haikuachii mpaka mwelewane. Mche ule ulitoka kwenye bustani aliyoilima miaka thelathini, na siku ileile, kabla hata ya kunywa chai, aliupanda nyuma ya nyumba yetu kati ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo, akanawa mikono, akakaa mezani akasema, "Mwanangu, nguo zangu zitabaki sandukuni kwanza. Kichaka kikiupenda udongo wa hapa kikazaa, na mimi nitajua nimefika. Kisipozaa nitakwenda kwa kaka yake mkeo."

Nikacheka, nikadhani ni utani wa kunichangamsha, maana huyo shemeji yangu anakaa ghorofa ya saba na udongo pekee alio nao ni ule unaoingia na viatu. Kumbe mama hatanii. Kila siku anatoa gauni sandukuni, analivaa, analifua, analipiga pasi, analikunja, analirudisha sandukuni, anafunga mkanda. Kabati tulilomnunulia limesimama pale na hanga tupu, ukipita karibu zinagongana, na mke wangu kila akizisikia ananitazama mimi, kana kwamba kichaka ni mimi.

Sasa nikuambie kosa langu, na nakuomba usicheke. Kichaka kilishika vizuri sana, mwaka wa kwanza kikatoa fito zinazokwenda zinakotaka, moja imelalia tangi, nyingine imekamata shuka kwenye kamba, nyingine imeinama mpaka chini inataka kuota upya katikati ya njia, na mimi, mshauri, ni kinyozi, kitu kilicho timutimu siwezi kukipita, hata msibani macho yangu yanakwenda kwenye visogo vya watu. Baridi ilipoingia nikachukua mkasi mkubwa wa bustani nikasema nikipunguze kidogo tu, nikakata upande wa kulia, upande wa kushoto ukaonekana umezidi, nikasawazisha, sasa kulia ndiko kukazidi, nikasawazisha, na wewe hujui uchungu wa kinyozi ambaye pande mbili zimekataa kulingana, nilisawazisha mpaka nikafika chini, vikabaki vishina vya urefu wa kidole. Mama akatoka na kikombe chake cha chai, akasimama, akauliza, "Mwanangu, unakata?" Nikamwambia, "Nakisafisha, mama, kipate hewa." Akasema, "Haya," akarudi ndani.

Mwaka wa pili kikatoa fito nyingi zaidi, tunda hata moja sikuliona, nikasema ni uchafu unakizuia, baridi ilipoingia sikuhangaika na kusawazisha, nikakipiga kipara moja kwa moja. Mama akatoka na kikombe. "Mwanangu, unakata tena?" Nikasema, "Nakisafisha, mama." Akasema, "Haya." Mwaka wa tatu vilevile, kipara, na safari hii nikavipaka vile vishina spiriti, kwa mazoea tu ya kazi. Mama akatoka, akatazama, hakuuliza kitu, akaenda kuanua nguo.

Mwaka huu majani yalipoanza kutoka, mama akamwambia mke wangu, na mke wangu akaniambia mimi nikiwa napiga mswaki, kwamba mama atakaa msimu huu mmoja tu, kichaka kisipozaa atakwenda kwa mwanawe, maana labda udongo wa hapa haumtaki. Mke wangu alisema hivyo akakaa kwenye ukingo wa kitanda akalia, si kilio cha kelele, kile cha kufuta uso na kanga mara mojamoja, akasema, "Baba nimeshampoteza. Na mama akienda kukaa kwa kaka kule juu, nitakuwa namwona sikukuu kwa sikukuu." Mimi nilikuwa na povu mdomoni, nikaenda kulitema.

Wiki hiyohiyo akaja kunyolewa bwana shamba mmoja mstaafu, nikamweleza habari za kichaka huku nikipita na mashine, nikitegemea aniambie niweke mbolea gani. Akasema, "Fito ya blakiberi inayoota mwaka huu haizai mwaka huu. Inakaa, inazaa mwaka wake wa pili, halafu inakufa, hapo ndipo unaikata. Wewe unakata zipi?" Nikasema zote. Akauliza lini. Nikasema kila mwaka. Akazungusha kiti akanigeukia, nusu ya kichwa imenyolewa nusu bado, akaniambia, "Mkasi, yaani unamnyoa mtu ndevu kila siku, halafu unamshangaa hana ndevu."

Mshauri, nilizima mashine. Miaka mitatu mama anangoja udongo umpokee, kumbe udongo ulishampokea zamani, aliyekuwa anamkatalia ni mimi na mkasi wangu. Na fito za mwaka huu ndiyo kwanza zinaota, hata nisipozigusa zitazaa mwakani, na mwakani mama hayupo.

Ningemwambia siku ileile. Nilikwenda nyumbani kwa nia hiyo kabisa, nikamkuta ameinama kwenye kichaka anageuza majani mojamoja, anatafuta, aliponiona akajinyoosha akasema, "Bado." Neno moja tu. Nikashindwa. Kesho yake nikaenda duka kubwa, kwenye lile friji la nyuma, nikanunua blakiberi za kwenye kikopo cha plastiki, nikachukua uzi mweupe kwenye droo ya mke wangu, na saa nane mchana, mama anapojilaza na kwangu hakuna mteja, nikazifunga kwenye fito, kumi na moja, kila moja na fundo lake dogo. Nilijitia moyo kwamba macho ya mama si mazuri, ingawa mke wangu alimtengenezea miwani mpya mwezi wa pili na siku hizi anasoma gazeti lako hili bila kulisogeza mbali.

Jioni mama akaziona. Akachuma moja, akala, akatafuna polepole, akaingiza vidole mdomoni akavuta uzi mweupe wa urefu wa kiganja. Akautazama uzi, akanitazama mimi, akasema, "Blakiberi za hapa zina nyuzi." Nikasema, "Ndiyo, mama, ni udongo." Akasema, "Tamu lakini."

Asubuhi yake, mshauri, mama mkwe wangu alitoa nguo sandukuni. Zote. Nilisikia hanga zinagongana nikaenda kuchungulia, kabati limejaa, mke wangu amesimama mlangoni ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mama akaniomba nilipandishe sanduku juu ya kabati, nikaliweka, akasema, "Hapana, lisukume nyuma kabisa, pale ambapo mimi sifiki." Halafu akanipa kibunda cha uzi wa kijani, akasema amekikuta chini kabisa ya sanduku, nichukue, huenda kikanifaa. Nikashukuru, nikakitupia droo ya vichana, maana kinyozi hashoni.

Tangu siku hiyo ni wiki tano nafunga matunda. Nina mikwaruzo ya miiba kwenye vidole vyote, wateja wanadhani nafuga paka. Mwalimu mstaafu wa upande wa pili wa ukuta amekuja na daftari, anasema ajabu, kichaka kimezaa bila kutoa ua hata moja, na matunda yake hayapiti hatua ya wekundu, yanatokea tu meusi baada ya chakula cha mchana, anataka kuwaandikia watu wa chuo. Nilimwomba asiwasumbue.

Na kama hiyo haitoshi, wiki iliyopita kule dukani blakiberi hazikuwepo, zilikuwepo rasiberi tu, ndugu zao wekundu, na mimi nina rangi nyeusi ya nywele ya kutosha, sitaki kuirefusha hadithi, nilizipaka. Nilikusudia ziwe za kutazamwa, nikazifunga juu kabisa, mahali ambapo mama hafiki. Akafika. Sijui alipata wapi kigoda. Nilipotoka mlangoni ameshachuma moja, iko kwenye mdomo kabisa, nikaruka kamba ya nguo, nikamnyang'anya mama mkwe wangu tunda mdomoni, nikalimeza mimi. Nikasema, "Samahani, mama, hili nilikuwa nalitamani." Akanitazama kutoka juu ya kigoda, akasema, "Haya, mwanangu, kula." Ulimi wangu ulikuwa mweusi siku nne. Mke wangu alinimulika kwa taa ndogo ya duka lao la miwani akauliza nimekula nini, nikasema wino, akaniuliza, "Mtu mzima?"

Sasa jana usiku mezani mama ametangaza kwamba Jumamosi wenzake saba wa kikundi cha kufuma sweta wanakuja kuchuma, kila mmoja na bakuli lake. Bakuli saba, mshauri! Na ni wafumaji, watu ambao fundo wanalijua kuliko wanavyowajua wajukuu wao. Mke wangu hajui lolote, amefurahi, ameshatoa viti nje. Nimefikiria kukikata kichaka usiku niseme kimeibiwa, nimefikiria kuugua, nimefikiria kumwambia mwalimu basi awaite watu wa chuo wazungushe kamba mtu asikaribie. Nikisema ukweli, nguo zitarudi sandukuni na mke wangu hatanisamehe. Nisiposema, nitaumbuka mbele ya bakuli saba. Nifanyeje? Ukinijibu, usiwe na wasiwasi, gazeti la siku hiyo nitalificha mama asilione.

Ni mimi,
Mkasi


MSHAURI ANAJIBU

Mkasi, uliniomba nisicheke. Nilicheka mpaka mhariri akaja kuuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamsomea pale kwenye kipara cha tatu na spiriti, naye akakaa chini. Sasa tumemaliza kucheka, nisikilize vizuri, maana barua yako umeiandika mwenyewe lakini inaelekea hukuisoma.

Kwanza lile la hatari, tulitoe njiani. Ulipaka chakula rangi ya nywele ukakining'iniza mahali mtu mzima anaweza kukifikia kwa kigoda. Leo hii, kabla hujafanya kingine chochote, nenda kakague kila fito, kila tunda ulilopaka likatupwe mbali, na wewe mwenyewe tumbo likikusumbua usimwambie daktari habari za wino. Mapenzi kwa mama mkwe ni jambo zuri, lakini hayahitaji kumlaza mtu hospitali.

Sasa tuje kwako. Unaniambia unaogopa mama atagundua. Bwana wee! Mwanamke amelima blakiberi miaka thelathini. Miaka thelathini amekata fito zilizozaa na kuziacha changa, anajua maua yake ni meupe, anajua tunda linaanza kijani, linakuwa jekundu, ndipo linakuwa jeusi. Hata mwalimu wako na daftari lake ameona kwamba hapakuwa na ua. Unafikiri mama yako, mwenye miwani mipya aliyotengenezewa na binti yake, yeye hakuona? Amevuta uzi wa kiganja kizima mdomoni mwake, akakutazama usoni, akasema tamu. Mkasi, hakuna udongo duniani unaoota uzi, naye anajua, na alijua siku ile ya kwanza, tena kabla hajatafuna.

Na uzi wa kijani je? Nilipofika hapo niliweka barua chini nikaenda dirishani. Mama anakupa kibunda cha uzi wa kijani, kinyozi, mtu asiyeshona, halafu anakwambia huenda kikakufaa, na wewe unakitupia droo ya vichana! Alikuwa anakwambia uzi mweupe unaonekana, mwanangu. Alikuwa anakusaidia kumdanganya yeye mwenyewe. Wiki tano anakusubiri kwa adabu, na wewe wiki tano unaendelea na uzi mweupe.

Lakini usifurahi bado, sijamaliza na wewe. Rudi kwenye ule mwaka wa kwanza. "Mwanangu, unakata?" Yule hakuwa anauliza kwa sababu haoni mkasi mkononi mwako. Alikuwa anakuomba umuulize. Mtu ambaye nguo zake bado ziko sandukuni hawezi kusimama kwenye bustani ya mkwe wake akatoa amri, anauliza swali dogo, anangoja. Ungesema tu, "Mama, nikate wapi?" mngekula blakiberi tangu mwaka juzi. Wewe ukamjibu habari za hewa. Amekwambia "Haya" mara mbili, na mara ya tatu hakusema kitu, akaenda kuanua nguo. Kwenye kunyamaza kule ndiko alikoanza kuondoka. Aliposema labda udongo haumtaki, hakuwa anausema udongo, alikuwa anakusema wewe, kwa heshima zake zote, na hata hapo hakutaka uumie.

Mimi nina hasira kidogo, niruhusu. Wanaume wa aina yako nawapata kila wiki kwenye meza hii. Hamna ubaya, hampigi mtu, hamtukani mtu, mnafika tu mahali na kifaa mkononi mnaanza kusafisha. Miaka mitatu una mtaalamu wa blakiberi ndani ya nyumba, anakunywa chai hatua kumi kutoka kwenye kichaka, na wewe unakwenda kuomba ushauri kwa kichwa ulichokinyoa nusu.

Sasa kwa nini alitoa nguo sandukuni, kama alijua kichaka hakijazaa? Hili ndilo ambalo ungepaswa kuniuliza. Alitoa kwa sababu ya yale mafundo kumi na moja. Mama aliangalia miiba, akaangalia vidole vyako, akajua kuna mtu katika nyumba hii amefunga kazi saa nane mchana akakaa chini ya kamba ya nguo kumfungia matunda ya dukani ili asiondoke. Ni jambo la kijinga kabisa, na mimi nikiwa mama yako ningetoa nguo vilevile. Halafu akakuomba sanduku ulisukume nyuma kabisa, mahali asipofika. Mtu anayepanga kuondoka haombi sanduku lake liwekwe asipofika. Nguo hazirudi sandukuni, ondoa hofu hiyo.

Lakini hofu ya Jumamosi iache palepale, maana hiyo ni ya kweli. Kudanganywa na wewe, nyumbani, kwa mapenzi, hilo mama amelipokea. Kusimama mbele ya wenzake saba na kuusaidia uongo wako, wakati wao wanavuta nyuzi kwenye meno yao, hilo ni jingine. Kwa nini unadhani amewaita? Amekuwekea siku. Amengoja useme mwenyewe, hukusema, akakupa uzi, hukusema, ukamnyang'anya tunda mdomoni, akakwambia kula, bado hukusema. Sasa ameita bakuli saba ili usiwe na pa kukimbilia. Ukiiacha Jumamosi ifike bila kusema, utakuwa umemwambia kwamba hata aibu yake ni nafuu kwako kuliko kufungua kinywa. Hapo ndipo ataanza kukitazama kile kigoda kwa ajili ya sanduku.

Kwa hiyo fanya hivi, na usinisawazishie, fanya kama nilivyosema. Mtafute mama leo, akiwa na kikombe chake, nje, mbele ya kichaka. Usianze na bwana shamba, usianze na udongo. Sema, "Mama, mimi ndiye niliyekuwa nakikata, na mimi ndiye niliyekuwa nafunga. Nisamehe." Kisha nyamaza. Najua kunyamaza ni kazi kwa kinyozi, jitahidi. Akimaliza kusema yake, mletee ule mkasi mkubwa wa bustani umwekee mkononi, na tangu leo huo mkasi ni wake, wewe kichaka kile hukigusi mpaka akutume. Mke wako mwambie jioni hiyohiyo, habari za wino pamoja. Atakasirika kama siku mbili, halafu atacheka miaka kumi, utavumilia.

Kibunda cha kijani kitoe kwenye droo ya vichana. Fito changa zinahitaji kufungwa kwenye waya zisilale njiani na zisishike mashuka yenu, hiyo ndiyo kazi halali ya uzi kwenye blakiberi. Nyosheni waya kutoka kwenye tangi hadi kwenye nguzo ya kamba, yeye ashike fito, wewe ufunge, kwa kuwa mafundo umeshayazoea. Fito hizo hizo, usipozitia mkasi, zitatoa maua mwakani. Wafumaji waache waje Jumamosi na bakuli zao. Wekeni mezani zile za dukani kwenye kikopo chake cha plastiki, waziwazi, na mama awasimulie mwenyewe. Nina hakika hajapata hadithi nzuri hivyo tangu azaliwe, usimnyime. Mwalimu naye aitwe, achane ule ukurasa wa daftari.

La mwisho. Unasema gazeti utalificha. Hulifichi. Linafika mtaani kwenu Alhamisi saa mbili asubuhi, na wewe saa mbili unafungua mlango wa kazi, mama anabaki nyumbani na miwani yake. Ukiyasoma haya ukiwa kwenye kile kiti chako, geuza tena kibao cha mlangoni, ondoka na aproni hivyohivyo, usisubiri kumaliza kichwa cha mtu.

Na wewe mama, kama umefika hapa kabla yake, tafadhali likunje gazeti, liweke mahali pake, toka nje na chai yako. Atakuja anahema. Mwache aseme yote mwenyewe, na wewe jifanye hujui kitu, kazi ambayo umeshaizoea.